Usiulize wapi, uliza saa ngapi: kula na kutembea Ng'ambo ya Unguja

SWALI: Shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma. Mwezi ujao tunakuja Unguja kwa mara ya pili, siku nne, na safari hii tunakuja na mama mkwe wangu. Mara ya kwanza tulilala Shangani, tukala Forodhani jioni zote tatu, tukatembezwa Ngome Kongwe na kwenye soko la zamani la watumwa, tukarudi na picha nyingi na mfuko mtupu. Kila tulipouliza wenyeji wanakula wapi, tulipelekwa kwenye mkahawa wenye bei za dola. Naomba unitajie sehemu nzuri nje ya Mji Mkongwe ambazo wenyeji wenyewe wanazipenda. Na je, ni salama kutembea huko na mama?

JIBU: Marahaba dada, na karibuni tena.

Kukuandikia majina kumi ya vibanda ni kazi ya dakika tano, lakini hayatakufaa kitu. Mimi nimezaliwa Miembeni, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kutembeza wageni. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua wageni wanne kutoka bara, watu na heshima zao, nikawaahidi wali wa nazi na mchuzi wa pweza kwa mama mmoja ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikila kwake kila siku. Tukazurura Mji Mkongwe mpaka tukajisahau, tukafika kwake saa tisa na nusu alasiri. Masufuria yameshaoshwa, yamefudikizwa juani. Akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, wali wa adhuhuri unaujia alasiri?" Wageni wakaishia soda na biskuti dukani, na mmoja wao hadi leo akinipigia simu huanza kwa kuuliza kama masufuria yamekauka.

Kwa hiyo swali lako la "wapi" naligeuza kidogo. Uliza "saa ngapi". Mikahawa ya Shangani hungoja mgeni kutwa, kwa sababu mgeni hana saa. Ng'ambo mpishi hupika kitu kimoja au viwili, kwa wakati wake, kikisha kimekwisha; huosha vyombo akaenda zake. Kona ile ile uliyokuta supu asubuhi, mchana utamkuta fundi baiskeli, na ikifika alasiri pametandikwa meza ya urojo. Ukipita saa isiyo yake utaapa kwamba pale hapajawahi kuuzwa chakula.

Tuelewane kwanza ninaposema Ng'ambo nasema wapi. Ni ng'ambo ile ile unayoijua, ng'ambo ya maji. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu kisiwa: mkono wa bahari uliingia nyuma yake, ukijaa na kutoka, na watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo Darajani hiyo. Upande wa magharibi yalisimama majumba ya mawe ya matajiri na wakubwa wa serikali. Upande wa mashariki nyumba za udongo na makuti za wapagazi, wavuvi, mafundi, watu waliotoka bara na Ngazija, na waliokuwa watumwa. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake, na leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, zamani Creek Road. Bamvua kubwa zikija, maji ya chumvi bado hutokeza uwanja wa Mnazi Mmoja.

Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo nimeona wageni wakifika kwenye barabara ile wakasimama, kama vile daraja limevunjika. Upande wa pili ndiko waliko watu wengi zaidi wa mji huu. Ndiko alikokuja kuishi Siti binti Saad, muuza vyungu kutoka Fumba, kabla ya kupelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Na mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mitaa hii ina historia yake, haikuanza kama jiko la nyuma la Mji Mkongwe.

Lala popote upendapo, hata Shangani tena kama mama anataka upepo. Kuvuka ni kwa miguu, dakika kumi.

Sasa tuanze na asubuhi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asubuhi ndiyo wageni wengi huipoteza kwa kungoja mayai na juisi ya hoteli. Tokeni mapema, kabla ya saa moja. Vukeni Darajani mwingie mitaa ya Mlandege au Mwembetanga. Msitafute kibao wala jina, tafuteni watu waliosimama. Mwuza supu ana sufuria moja kubwa, ubao wa kukatia nyama, bakuli la ndimu zilizokatwa na chupa ya pilipili ya kusaga. Hakuulizi unataka nini, anakuuliza "yenye mfupa?" Sema ndiyo. Anachota, anakamua ndimu mwenyewe bila kukuomba ruhusa, anakusukumia. Kwa supu hiyo wengine huchukua chapati, wengine boflo. Mimi nawashauri muulize kwanza kama kuna mkate wa ajemi karibu. Ni mkate bapa, mpana, unaopigwa kwenye ukuta wa tanuri la moto na kutolewa kwa chuma kirefu. Ukipoa hugeuka ngozi ya kiatu, kwa hiyo unaliwa pale pale, au unafungwa gazetini na kupelekwa nyumbani mbio. Utawaona watoto wametumwa, wameukumbatia kifuani kwa ajili ya joto lake, na pembe moja tayari imeshaliwa njiani.

Mama kama hapendi supu asubuhi, kina mama wanaouza barazani mwa nyumba zao wana uji, vitumbua, maharage ya nazi, muhogo wa nazi na chai ya tangawizi. Hawa ndio wapishi ninaowaamini kuliko wote. Anapika ndani, anauza mlangoni, na wateja wake ni majirani. Akiharibu chakula leo, kesho atasikia maneno kisimani. Ikifika saa tatu na nusu amekwishaingia ndani kupika cha mchana cha watoto wake.

Baada ya hapo rudini Darajani sokoni. Najua mlipita mara ya kwanza. Kila mgeni hupitishwa pale anunue vifurushi vya viungo. Soko hili lilijengwa 1904, na kitu cha kulitazamia ni mnada wa samaki wa asubuhi. Jodari, nguru na papa wanalazwa sakafuni, dalali anatembea juu yao kwa maneno ya haraka yasiyosikika vizuri, na wanunuzi hawanyanyui mkono: huyu anapandisha nyusi, yule anagusa kofia. Mumeo asijikune kichwa. Kama mnataka soko ambalo hakuna anayeuza mdalasini kwa vifurushi vya zawadi, pandeni daladala mwende Mwanakwerekwe. Hiyo ndiyo sokoni kwa watu wa mjini na wa mashamba pamoja: ndizi, mboga, nazi, mitumba, sufuria, kuku hai.

Mchana sina maneno mengi. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, maharage, kachumbari, pilipili ya embe. Nendeni kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, palipo na ofisi au gereji, kwa sababu fundi gari na karani wote wana njaa na wote wana mshahara mdogo, na mpishi anayewalisha wawili hao kila siku anajua kazi yake. Ijumaa ni habari nyingine. Maduka mengi hufungwa wakati wa sala, mji unanyamaza, kisha watu wakitoka msikitini pilau na biriani hupakuliwa kwa kasi ya ajabu. Ikiwa mtakuwa hapa Ijumaa, mfike mapema au mngoje watu watoke msikitini, msije katikati.

Kuanzia saa nane mpaka alasiri Ng'ambo inalala. Milango imerudishwa, hata paka wamejilaza chini ya magari. Wakati huo ndio wa kutoka nje ya mji, na nitarudi kwenye hilo.

Mkitembea mitaani mweleze mama maana ya majina ya mitaa, atafurahi. Michenzani palikuwa na michenza, Kikwajuni mkwaju, Miembeni miembe, halafu Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, kila mwembe na shughuli yake. Vikokotoni kulikuwa na vikokoto. Kuna na Raha Leo, ambako redio ya serikali ilikuwepo na ambapo Mapinduzi ya Januari 1964 yalitangazwa. Mkisikia kondakta anaita "Mombasa! Mombasa!" msishtuke kudhani anavuka bahari, Unguja ina Mombasa yake, kwa Mchina.

Michenzani ndiyo sehemu nitakayokusisitizia zaidi, na ndiyo ambayo wageni wangu wengi huikataa mpaka wafike. Wakiiona kwenye picha wanasema ni magorofa ya saruji tu, yamechakaa. Ni kweli, ni magorofa ya saruji, marefu kama gari moshi lililosimama, mengine yanakaribia mita 300, yamepangwa kando ya barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Ramani yake ilitoka kwa wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968. Mzee Karume alitaka mtu wa kawaida, mtoto wa aliyekaa kibanda cha udongo, akae nyumba ya saruji yenye umeme na maji ya bomba. Vibanda vingi vilivunjwa kupisha majengo hayo, na wapo wazee ambao bado wanazungumza juu ya uwanja wa nyumba yao ya zamani kwa kunyoosha kidole kwenye ngazi ya jengo fulani. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, na ujenzi uliendelea polepole miaka mingi baada yake.

Ninachokipenda mimi ni jinsi watu walivyoyageuza magorofa ya Mjerumani kuwa nyumba za Kiswahili. Nyumba ya Kiswahili haikosi baraza, na aliyechora ramani hakuweka baraza. Basi watu wameyatandika wenyewe: chini ya ngazi kuna benchi, pembeni kuna ubao wa dhumna, nguo zinaanikwa kwenye roshani, na kapu linateremshwa kwa kamba kutoka ghorofa ya nne kununua nyanya. Kaeni pale saa kumi na moja jioni mkiwa na miwa au madafu mkononi, hamna haja ya kutembezwa na mtu.

Na saa kumi na moja ndiyo saa ya urojo. Wageni wengi huujua kwa jina la "mix" la Zanzibar, na wengi huula ndani ya Mji Mkongwe, Vuga kuna sifa zake za siku nyingi, sitawanyima. Lakini kaeni kwenye meza ya mtaani mtazame unavyojengwa, maana urojo haupikwi, unajengwa. Mwuzaji ana bakuli mkono wa kushoto. Anatupa vipande vya viazi vilivyochemshwa, anavunja kachori kwa vidole, anaongeza bajia za dengu tatu au nne, labda nusu ya yai, na mishikaki aliyoichomoa kijitini kwa mkupuo mmoja. Kisha anakoroga sufuria na kumimina urojo wenyewe, mwepesi, wa manjano, ukali wake ukitoka kwenye embe mbichi na ndimu. Juu anaweka chatini ya nazi, pilipili kiasi utakachosema, na mwisho kabisa gao la chipsi nyembamba za muhogo. Hizo ndizo zinazokupa haraka: ukianza kupiga picha zinalowa, na urojo wenye chipsi zilizolowa ni uji wenye matatizo. Mwambie mama aseme "pilipili kidogo", na ajue kwamba kidogo ya Unguja si kidogo ya Dodoma.

Mpira nao una saa yake, alasiri. Uwanja wa Mao Zedong uko Kikwajuni, katikati ya nyumba za watu, na mara nyingi kuna mechi ya ligi au ya vijana ambayo kiingilio chake hakishindi bei ya soda. Uwanja mkubwa wa Amaan ni wa 1970, ulijengwa kwa msaada wa China, na Januari mara nyingi hujaa kwa Kombe la Mapinduzi. Mumeo akitaka kupata marafiki Ng'ambo kwa haraka, aketi karibu na mzee yeyote aseme neno zuri juu ya Mlandege. Timu ya mtaa ilichukua kombe hilo 2023, ikalichukua tena 2024 kwa kuifunga Simba fainali, na mtaa huo hautakubali mtu asahau.

Baada ya magharibi mji unatoka nje tena. Hapo ndipo utaona meza za samaki wa kukaanga, ngisi, muhogo wa kuchoma, supu ya pweza inayouzwa kwa vikombe, na mwuza kahawa na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe viwili ili ajulikane anapita. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu wake unatokana na kashata au kipande cha halua utakachotafuna pembeni. Mumeo atakaribishwa barazani papo hapo. Wewe na mama nitawaambia ukweli: mtapewa kahawa na mtapewa nafasi ya kukaa, lakini baraza la wanaume likiwa na wanawake wageni hubadili mazungumzo, watu wanakuwa na adabu kupita kiasi na utani unakatika. Si kwamba hamtakiwi, ila baraza hilo silo lenu.

Baraza la wanawake liko ndani, na liko harusini. Mkilala kwenye nyumba ya wageni ya mtaani, si hoteli kubwa, mwambie mwenye nyumba mapema kwamba mama angependa kuona harusi. Uwezekano ni mkubwa kuwa kuna jamaa yake anaoza wiki hiyo, na mgeni wa kike aliyevaa vizuri hafukuzwi. Huko mnaweza kusikia kidumbak, ndugu mdogo wa taarab aliyekulia mitaa hii: ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa za kutikiswa, na sanduku la mbao lenye kamba moja linalofanya kazi ya besi. Taarab ya klabu watu huketi kwenye viti wakasikiliza. Kidumbak hakuna anayeketi. Wekeni noti ndogo ndogo mkononi za kutuzia, na mama akishapata mwenzake wa rika lake pale, wewe tafuta pa kukaa, maana hamtaondoka kabla ya saa nne usiku.

Forodhani siipondi. Sisi wenyewe hupeleka watoto huko kupunga upepo, sikukuu hasa, na jioni ya Idi utakuta nusu ya mji iko pale na nusu nyingine iko Mnazi Mmoja na viwanja vya Kariakoo. Lakini mwenyeji akienda Forodhani siku ya kawaida anakuwa ameshakula nyumbani.

Zile saa za mchana ambazo Ng'ambo imelala, pandeni daladala la 502 la Bububu. Barabara inafuata pwani kwenda kaskazini. Shukeni Maruhubi mwone nguzo za jumba la Seyyid Barghash lililoungua 1899, halafu Mtoni, magofu ya jumba la Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kaeni nusu saa kila sehemu, inatosha. Mkifika Bububu kuna kijana atakayewaambia kwamba jina hilo limetokana na mlio wa gari moshi, kwa kuwa kulikuwa na reli kutoka mjini mpaka hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Msimkatize, anasimulia vizuri. Lakini Salme aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, na reli ilikuja baada ya hapo. Wazee wanasema jina linatokana na mbubujiko wa chemchemi. Kutoka Bububu mkiwa na nguvu mnaweza kuchukua gari mpaka Kidichi kwenye hamamu ya 1850 aliyojengewa mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, yenye maua ya chokaa ukutani. Mwisho wa matembezi hakikisheni mmerudi kabla ya saa kumi na moja. Mnajua kwa nini.

Sasa hili la usalama. Ng'ambo ni mitaa ya familia. Watu wanajuana, mgeni anaonekana, na kuonekana huko ni ulinzi. Papasi, wale vijana wa Mji Mkongwe wanaokuganda na kukuuzia safari usiyoitaka, huku ni nadra kwa sababu hakuna wa kumganda. Ninachowaonya ni kile kile ningewaonya Dar: usishike simu ukiwa ukingoni mwa barabara kubwa ambako bodaboda zinapita mbio, usitoe fedha zote mfukoni kulipia urojo, na ikishapita saa nne usiku rudini kwa gari mliyoiita, si kwa miguu kwenye vichochoro msivyovijua.

Mavazi, nyinyi si wageni wa kufundishwa, lakini nimeona watu wa bara wakijisahau kwa sababu Shangani watalii wanavaa watakavyo. Mabega na magoti yafunikwe, kanga ya ziada iwe mkobani. Salimieni kabla ya kuuliza bei, "asalaam aleikum" au "hamjambo" vyote vinapokelewa, lakini kuanza na "bei gani?" moja kwa moja kutawapandishia bei bila nyinyi kujua. Mkipiga picha ya chakula hapana neno, ya mpishi ombeni. Na angalieni kalenda: mwezi mtakaokuja ukiangukia Ramadhani, haya yote niliyoandika yanageuka. Mchana hakuna kula hadharani, ni kosa na ni utovu wa adabu, na vibanda vimefungwa. Badala yake kati ya alasiri na magharibi barabara zinajaa kaimati, sambusa, katlesi, tambi, mkate wa kumimina, na mtu akiwasikia mna lafudhi ya mbali saa ya kufuturu hatawaacha mpite. Mimi binafsi, kama ni kuchagua, ningemleta mama mkwe wangu mwezi huo.

La mwisho ni kanga, kwa sababu mama atataka na wewe utataka kumnunulia. Msinunue kwenye maduka ya Mji Mkongwe yenye vinyago mlangoni. Nunueni Darajani au Mlandege, kwa doti, asubuhi maduka yakiwa hayajachangamka, na muulize bei kwenye maduka mawili kabla ya kukubali la tatu. Kisha mwambie muuzaji aikunjue yote mezani usome jina lake mpaka mwisho. Rangi inaweza kuwa nzuri sana na jina likawa ni kijembe cha mke mwenza, na muuza kanga wa Unguja akiona mkwe na mama mkwe wamesimama pamoja hatasema neno, atawafungia vizuri na kungoja mtoke ili acheke.